Protini huingiaje kwenye mitokondria bila kuitoboa?

Swali: "Nilipokuwa sekondari nilifundishwa kwamba mitokondria ina DNA yake na ribosomu zake, nikaelewa kwamba inajitengenezea protini zake yenyewe. Sasa niko chuoni, naambiwa karibu protini zake zote hutengenezwa nje kisha huingizwa ndani. Zinapitaje kwenye tando mbili? Zinajuaje kwamba zinatakiwa huko na si kwingine? Na kama kuna matundu ya kupitisha vitu vikubwa kama protini, kwa nini mitokondria isivuje?"

Ndugu muulizaji, jibu la msingi nakupa mapema ili uwe nalo njia nzima. Protini haiingii kwenye mitokondria ikiwa imekwisha kujikunja na kukamilika. Inaingia kama uzi ulionyooshwa, na kinachouvuta uzi huo mwanzoni ni umeme ambao mitokondria yenyewe imeuzalisha. Mitokondria iliyopoteza umeme wake haiwezi kupokea protini za ukumbi wake wa ndani. Shika hilo, kwa sababu ndilo linaloeleza hata magonjwa nitakayoyataja mwishoni.

Tuanze na hesabu. DNA ya mitokondria ya binadamu ni duara dogo lenye jozi 16,569 za besi, na mpangilio wake wote ulichapishwa mwaka 1981 na watafiti wa Cambridge, Uingereza. Ina jeni 37 tu: 22 ni za tRNA, molekuli zinazobeba asidi amino wakati protini inatengenezwa, 2 ni za RNA ya ribosomu, na 13 ndizo zinazobeba maelekezo ya protini. Katika hamira, kiumbe kilichotumika zaidi kuchunguza mambo haya, ni protini 8 tu zinazotoka kwenye DNA ya mitokondria. Ilhali mitokondria yetu ina aina zaidi ya 1,000 za protini. Mwalimu wako wa sekondari hakukosea, DNA ipo na ribosomu zipo. Lakini ribosomu hizo, mitambo inayotengeneza protini, zimejengwa kwa protini zipatazo 80, na zote zinatoka nje. Kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria nacho kinatoka nje. Kwa hiyo uingizaji ukisimama, hata zile 13 za nyumbani hazitatengenezwa.

Sababu ya hali hii ni ya kale sana. Mitokondria ilianza kama bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine na kubaki humo, wazo ambalo mwanabiolojia Lynn Margulis alilitetea kwa nguvu kwenye makala yake ya mwaka 1967 wakati wengi hawakulikubali. Baada ya hapo jeni za bakteria huyo zilihamia moja baada ya nyingine kwenye kiini cha seli mwenyeji. Jeni ikihama, protini yake hutengenezwa upande wa kiini, yaani kwenye ribosomu za saitoplazimu, ute wa seli ulio nje ya kiini, wakati kazi yake imebaki ng'ambo. Ikabidi ipatikane njia ya kuirudisha.

Ugumu wa kuirudisha unauona vizuri ukiutazama utando wa ndani. Utando wa nje si tatizo kubwa: una vitundu vinavyopitisha molekuli ndogo bila masharti. Utando wa ndani umefungwa kabisa, hata protoni moja haipiti isipokuwa kwa njia maalumu, na lazima iwe hivyo. Mnyororo wa upumuaji, yaani msururu wa protini zilizomo kwenye utando huo, husukuma protoni kutoka ndani kwenda nje ya utando huu, na ndani hubaki na chaji hasi. Tofauti inayopatikana ni takriban milivolti 150 hadi 180. Usiidharau kwa udogo wa namba. Utando wenyewe una unene wa nanomita chache tu, kwa hiyo nguvu ya uga wa umeme ndani yake hufikia kiasi cha volti milioni 30 kwa kila mita. Protoni zikirudi kupitia mtambo unaotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati, seli hupata nishati. Zikirudi kupitia tundu lolote lingine, nishati hiyo inapotea bure. Kwa hiyo mitokondria inatakiwa kupitisha minyororo yenye mamia ya asidi amino, bila kukoma, kwenye ukuta usioruhusu hata protoni.

Sasa swali lako la pili, la protini kujua pa kwenda. Mwaka 1979 kundi la Gottfried Schatz huko Basel, Uswisi, likishirikiana na Günter Blobel, lilionyesha kwamba sehemu za mtambo wa ATP hutengenezwa nje zikiwa ndefu kuliko zinavyoonekana ndani ya mitokondria, na kwamba zinaweza kuingia baada ya kutengenezwa kikamilifu. Ule urefu wa ziada ulikuwa mwanzoni mwa mnyororo. Blobel ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba ndani yake ishara za safari yake.

Je, ule urefu wa ziada unatosha peke yake kuipeleka protini? Jaribio la mwaka 1984 kutoka maabara ya Schatz lilijibu kwa namna ninayoipenda hadi leo. Walichukua kipande cha mwanzo cha protini moja ya mitokondria ya hamira, wakakiunga mbele ya kimeng'enya cha panya kiitwacho DHFR. Kimeng'enya hiki huishi kwenye saitoplazimu na hakina shughuli yoyote ndani ya mitokondria. Kilipopewa kipande kile, kiliingia. Kuhakikisha kwamba kimeingia kweli, hakikujishika tu kwa nje, hutumika mbinu rahisi ya maabara: unatia kwenye mchanganyiko kimeng'enya kinachomeng'enya protini. Kilichobaki nje huliwa, kilichoingia husalimika kwa sababu kimekingwa na tando. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu somo hili imepatikana kwa mbinu hiyo moja ikirudiwa kwa subira.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa wanafunzi wengi hupotea. Kipande hicho, nakiita kipande elekezi, hufananishwa mara nyingi na anwani iliyoandikwa kwenye bahasha. Mfano huo unafaa kwa dakika tano za kwanza, kisha unakuwa kikwazo, kwa sababu anwani ina tahajia yake na kipande elekezi hakina. Ukipanga vipande elekezi vya protini mia moja sambamba, hutaona herufi zinazofanana. Vingi vina asidi amino 15 hadi 50 au zaidi kidogo, na kinachofanana ni tabia. Vinaweza kujisokota kama springi, na kila kimoja kikijisokota, upande mmoja wa msokoto unakuwa wa kupenda mafuta na upande wa pili unakuwa na chaji chanya, kutokana na asidi amino kama arjinini na laisini. Chaji hasi ndani ya kipande hicho ni nadra sana. Tabia hii si ngumu kupatikana kwa bahati. Maabara ile ile ya Basel ilikata ovyo DNA ya bakteria Escherichia coli, ikaunga vipande hivyo mbele ya protini iliyonyang'anywa kipande chake elekezi, na baadhi ya vipande vilifanya kazi. Nadhani hilo linaeleza vizuri jinsi jeni nyingi hivyo zilivyoweza kuhama kwenda kwenye kiini: kupata tiketi ya kurudi hakukuhitaji muujiza.

Kwa hiyo protini haijui pa kwenda. Inatambuliwa. Kwenye uso wa mitokondria kuna kundi la protini liitwalo TOM, na ndani yake wamo vipokezi. Kipokezi Tom20 kina mfereji wa kupenda mafuta, na watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2000 jinsi msokoto wa kipande elekezi unavyolala kwenye mfereji huo kwa ule upande wake wa mafuta. Tom22 yenyewe hushika upande wenye chaji. Msokoto mmoja unasomwa pande mbili na wasomaji wawili, na protini inayokosa upande mmoja haipokelewi vizuri.

Kabla ya kufika hapo, protini changa lazima izuiwe isijikunje. Protini nyingi zikitoka kwenye ribosomu hujikunja zenyewe na kuwa donge lisilopita popote. Ndiyo maana kuna walezi, protini kama Hsp70 na Hsp90, wanaoishika njiani na kuiweka katika hali ya kulegea. Kwamba kulegea ni sharti la lazima, tulijifunza mwaka 1986 kwa jaribio la Martin Eilers na Schatz. Walirudi kwenye ile DHFR iliyopewa kipande elekezi, lakini safari hii wakaitia methotreksati, dawa ambayo hujibana ndani ya DHFR na kuifanya isifunguke. Kipande elekezi kilikuwepo, vipokezi vilikuwepo, umeme ulikuwepo, na protini haikuingia. Ni kama uzi uliopigwa fundo: ncha yake inaweza kuingia kwenye tundu la sindano, lakini fundo litagoma.

Tundu lenyewe kwenye utando wa nje ni protini Tom40, iliyojikunja kama pipa lenye mbavu 19, na nafasi yake ya ndani ina upana wa takriban nanomita 2. Uzi ulionyooshwa unapita, na hata msokoto mmoja unapita, lakini protini iliyokunjika haipiti. Upande wa pili wa Tom40 ncha inakutana na kundi la pili, TIM23, lililomo kwenye utando wa ndani. Makundi haya mawili hukaribiana sana wakati wa kazi. Mwaka 1985 Manfred Schleyer na Walter Neupert, huko Ujerumani, waliinasa protini katikati ya safari kwa kushusha joto: mwanzo wake ulikuwa umekwisha kufika ndani na kukatwa, mkia ukiwa bado nje ya mitokondria. Uzi mmoja ulikuwa umepita tando zote mbili kwa wakati mmoja. Hilo linajibu swali lako la kwanza kwa ufupi kuliko maelezo yangu yote, kwani aina hii ya protini haina kituo cha kupumzika kati ya tando.

Ncha ikifika kwenye TIM23, umeme unashika kazi. Kipande elekezi kina chaji chanya, ndani kuna chaji hasi, na ile tofauti ya milivolti 150 au zaidi inakivuta. Ukitia kwenye jaribio kemikali inayofuta tofauti hiyo, kwa mfano CCCP, protini zinabaki nje hata kama ATP ni tele. Lakini umeme unavuta mwanzo tu, kwa sababu protini iliyobaki ina chaji za kila namna na haiwezi kuburutwa kwa njia hiyo. Kazi ya kuumaliza uzi inafanywa na mtambo ulio upande wa ndani, ambao kiungo chake kikuu ni Hsp70 ya mitokondria. Hsp70 hii imeegemezwa mlangoni na protini Tim44. Inaushika uzi unapochungulia, inatumia ATP, inaachia, nyingine inashika mbele kidogo. Wako wanaosema Hsp70 inauvuta uzi kwa nguvu, na wako wanaosema inauzuia tu usirudi nyuma huku mtikisiko wa kawaida wa molekuli ukiusogeza mbele. Wamebishana kwa miaka mingi. Mimi nauona ubishi huo kuwa mdogo kuliko unavyoonekana. Pande zote mbili zinakubali kwamba hatua iliyopigwa hairudi, na kwa sehemu za protini zilizojikunja kwa nguvu, kuzuia tu kunaonekana hakutoshi.

Sasa lile swali la kuvuja. Jibu lake lina sehemu tatu, na ya tatu ni mpya kiasi kwamba vitabu vingi havijaiweka.

Kwanza, uzi unapopita, wenyewe unajaza nafasi. Pili, njia haikai wazi ikisubiri. Katika TIM23 kuna protini Tim50 ambayo hukaa upande wa nje wa utando wa ndani, na moja ya kazi zake ni kuiweka njia imefungwa hadi kipande elekezi kifike. Ncha ikibisha hodi, hali inabadilika. Ikiondoka, njia inafungwa. Tatu, huenda hakuna bomba kabisa. Kwa miongo kadhaa tulichora Tim23 kama mfereji uliotoboa utando, maji kila upande. Mwaka 2023 picha za darubini ya elektroni na majaribio ya makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kitu tofauti: Tim23 na mwenzake Tim17 wamekaa mgongo kwa mgongo, kila mmoja akiwa na shimo lililo wazi kwa pembeni, upande wa mafuta ya utando, na njia ya protini inapita zaidi kwenye Tim17 kuliko kwenye Tim23. Yaani uzi unapita ukiwa umekumbatiwa na protini upande mmoja na mafuta ya utando upande mwingine. Mahali pasipo na bomba la maji, protoni hazina barabara. Nikiombwa kusahihisha kitabu kimoja tu cha biolojia ya seli, ningeanza na mchoro huo.

Ndani ya matriksi, yaani ule ukumbi wa ndani, kipande elekezi hakina kazi tena, na kikibaki kinaweza kuzuia protini isijikunje ipasavyo. Kinakatwa na kimeng'enya kiitwacho MPP, kisha vipande vilivyokatwa humeng'enywa. Protini nyingine hupunguzwa tena kidogo, asidi amino moja au nane, na uthabiti wake hutegemea hesabu hiyo ndogo.

Kisha inajikunja, na hapa kuna hadithi ambayo sipendi kuipita. Arthur Horwich alikuwa akichunguza uingizaji wa OTC, kimeng'enya cha ini kinachosaidia kuondoa amonia mwilini, na ambacho hufanya kazi ndani ya mitokondria. Aliiweka OTC ya binadamu kwenye hamira na kutafuta hamira zilizoharibika uwezo wa kuiingiza. Ikapatikana hamira moja ya ajabu. Protini iliingia salama, kipande elekezi kikakatwa, lakini kimeng'enya hakikufanya kazi. Mlango ulikuwa mzima. Kilichoharibika ni Hsp60, pipa la molekuli ambalo protini huingia ndani yake ili ijikunje bila kushikana na nyingine. Mwaka 1989 Horwich, pamoja na Franz-Ulrich Hartl, walieleza kwamba protini nyingi ndani ya seli hai haziwezi kujikunja bila msaada. Hadi wakati huo wengi waliamini protini hujikunja yenyewe tu, kama ilivyofanya kwenye bomba la majaribio. Ugunduzi mkubwa ulipatikana kwa mtu aliyekuwa akichunguza mlango, akakuta tatizo liko sebuleni.

Njia niliyoieleza ndiyo kuu, lakini si ya pekee. Protini zinazosafirisha ATP na ADP kwenye utando wa ndani hazina kipande elekezi cha kukatwa. Ishara zake zimetawanyika mwilini mwake, zinapokewa na Tom70, zinasindikizwa katikati ya tando na walezi wadogo Tim9 na Tim10, kisha zinapandikizwa na kundi la TIM22, nalo pia hutegemea umeme. Protini za umbo la pipa kwenye utando wa nje, pamoja na Tom40 yenyewe, huingia kwanza kupitia TOM kisha hurudishwa nje kidogo na kupangwa na kundi la SAM. Protini kuu ya kundi hilo, Sam50, ni ndugu wa ile inayopanga mapipa kwenye utando wa nje wa bakteria leo. Na protini ndogo nyingi za nafasi iliyo kati ya tando hunaswa na Mia40, ambayo huzifunga vifungo vya salfa. Zikishafungwa, haziwezi tena kurudi kupitia Tom40. Njia hizi mbili za mwisho hazihitaji umeme kuvuta protini, kwa hiyo nilichosema mwanzoni kuhusu umeme usikivute hadi kwa kila protini.

Tuje kwenye magonjwa, maana ndiko utaona kwa nini nimekazania kwamba ishara ni tabia na si tahajia. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao mwili hutengeneza oksaleti kupita kiasi hadi figo hujaa mawe na kuharibika. Chanzo ni kimeng'enya cha ini kiitwacho AGT, ambacho kwa binadamu hufanya kazi kwenye peroksisomu, kiungo kingine kabisa cha seli. Watu wengi wazima wa afya wana badiliko dogo la kawaida mwanzoni mwa AGT, asidi amino moja ya nafasi ya 11, linalofanya mwanzo huo ufanane kidogo na kipande elekezi cha mitokondria. Halina madhara makubwa likiwa peke yake, kwa sababu AGT hujikunja na kujipanga wawili wawili haraka, na protini iliyokunjika haiingii. Umeliona jaribio la methotreksati hapo juu? Ni kanuni ile ile. Lakini mtu akirithi pamoja nalo badiliko la pili, la nafasi ya 170, ambalo huchelewesha kujikunja, AGT inabaki uzi kwa muda mrefu, inatambuliwa, na sehemu kubwa yake inaingizwa kwenye mitokondria. Kimeng'enya kipo, tena kina uwezo wa kufanya kazi, ila kiko mahali ambapo hakina faida. Figo zinaumia kwa sababu ya protini iliyopotea njia ndani ya seli za ini.

Na umeme je? Seli imeufanya uingizaji kuwa kipimo cha afya. Katika mitokondria nzima, protini iitwayo PINK1 huingizwa kupitia TOM na TIM23, inakatwa ikiwa kwenye utando wa ndani, kisha inatolewa na kuharibiwa. Kwa hiyo haionekani kwa wingi. Mitokondria ikipoteza umeme, PINK1 haivutwi tena. Inakwama mlangoni, juu ya TOM, na kujikusanya. Hapo inatia fosfeti kwenye protini ndogo ya ubikwitini na kuiita Parkin, ambayo huipaka mitokondria hiyo ubikwitini zaidi na zaidi hadi seli iitambue kuwa mbovu na kuimeza kwenye lisosomu, sehemu ya seli inayomeng'enya taka. Hakuna haja ya kipimo kingine cha volti. Protini inayokwama ndiyo taarifa. Nakala zote mbili za jeni ya PINK1 au za jeni ya Parkin zikiharibika kwa mtu, hupatikana ugonjwa wa Parkinson unaoanza mapema maishani. Wagonjwa wengi wa Parkinson hawana tatizo la jeni hizi, na usije ukamwambia mtu vinginevyo.

Mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans anatumia hila ya aina hiyo hiyo kwa njia tofauti. Protini yake ATFS-1 ina ishara mbili, moja ya mitokondria na nyingine ya kiini cha seli. Uingizaji ukiwa mzuri, inaingia mitokondria na kuharibiwa humo. Ukidhoofika, inabaki nje, inaelekea kwenye kiini na kuwasha jeni za walezi na vimeng'enya vya ukarabati. Utafiti uliolieleza hilo ulitoka mwaka 2012.

Hukuniuliza, lakini najua swali hili litakujia usiku: kwa nini zile jeni 13 hazikuhama na wenzake? Kuna maelezo mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba protini hizo zina sehemu nyingi mno za kupenda mafuta, na zikitengenezwa kwenye saitoplazimu zinashikana au kuchukuliwa na njia ya utando mwingine kabla hazijafika. La pili, lililotetewa na mwanabiolojia John Allen, ni kwamba mitokondria inahitaji kudhibiti yenyewe, hapo hapo, viungo vya mnyororo wake wa upumuaji. Mimi naegemea la kwanza kwa protini nyingi, ingawa sioni kama linalifuta la pili.

Hata hivyo, moja ya jeni hizo imekwisha kuhamishwa kwa mkono wa binadamu. Kuna upofu wa kurithi unaoitwa kwa jina la Leber, na mwaka 1988 badiliko katika jeni ya mitokondria ND4 lilitambuliwa kuwa chanzo chake kikubwa. DNA ya mitokondria haiwezi kufikiwa kirahisi kwa tiba ya jeni, kwa hiyo watafiti walichukua njia ya kuzunguka. Waliiandika upya ND4 kwa msimbo unaosomwa na kiini, kwa kuwa mitokondria ina tofauti chache za msimbo, wakaiwekea mbele kipande elekezi walichoazima kwenye protini nyingine ya mitokondria, COX10, kisha wakaidunga jichoni ikiwa ndani ya kirusi kisicho na madhara. Katika majaribio kwa wagonjwa, jicho moja lilidungwa dawa na la pili halikudungwa, na baadhi yao walipata nafuu ya kuona kwenye macho yote mawili. Jinsi jicho la pili lilivyonufaika bado linachunguzwa, lakini kipande elekezi kilichotumika humo ni cha aina ile ile kilichoiingiza DHFR ya panya kwenye mitokondria ya hamira mwaka 1984.